KISU CHA KALE, MPINI MPYA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wenzangu katika jarida hili huandika juu ya useremala, ususi na ushonaji wa viatu. Mimi nimeonelea nizungumzie ufundi ambao wengi huuona mdogo, nao ni kutia mpini mpya kwenye kisu cha kale kilichofuliwa kwa mkono. Sizungumzii kisu cha jikoni cha kununua dukani, la hasha! Hicho kikivunjika mpini, mama hukifunga kitambaa na kuendelea kukata sukuma wiki. Nazungumzia sime ya babu, jambia la pwani, au kisu kilichofuliwa na mhunzi ambaye sasa hayupo duniani.

Huenda msomaji akauliza, "Sasa hilo nalo ni la kuandikia makala?" Ngoja nikueleze. Sisi tunaoishi Woodley tumezungukwa na mafundi. Ukitoka Adams Arcade ukaingia soko la Toi, kisha ukashuka Makina na kwingineko Kibera, utakuta watu wa kila ufundi, wa mbao, wa chuma, wa ngozi na wa mifupa. Upande wa pili, katika nyumba nyingi mna kitu cha mzee kilichofichwa nyuma ya kabati au chini ya kitanda, nacho kinaliwa na kutu na mdudu wa mbao. Siku mtu anapoamua kukitengeneza, hukipeleka kwa fundi wa kwanza anayemwona. Fundi akiwa hajui, kisu kilichokaa miaka sabini huharibika kwa nusu saa. Tena hakirudi. Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ndiyo maana nikaona heri tuelezane mapema.

SEHEMU ZA KISU

Kwanza tuyajue majina, maana sisi ni Chama cha Kiswahili. Upande unaokata huitwa makali. Mwisho uliochongoka ni ncha. Ubavu ulio mpana ni bapa. Pale pa kushikia ni mpini, na kisu kidogo huwa na kipini. (Kipini pia ni pambo la puani, na ni jina la mji ulioko Mto Tana unapoingia baharini. Lugha yetu ni tajiri!) Pete ya chuma au shaba inayozunguka mpini pale bapa linapoingilia huitwa noleo. Kazi yake ni kuuzuia mpini usipasuke. Mfuko wa kutilia kisu ni ala.

Kuna sehemu moja ambayo haionekani, nayo ndiyo muhimu kuliko zote katika habari hii. Ni kile chuma kinachoendelea kutoka kwenye bapa na kuingia ndani ya mpini. Mimi nitakiita mkia. Mikia ni ya aina mbili. Upo mkia mwembamba ambao huzama katika tundu la mpini, kama ule wa sime nyingi. Upo pia mkia mpana ulio sawa na mpini wenyewe, ambao hubanwa kwa vipande viwili vya mbao, kimoja huku na kimoja huku, kisha vikapigwa ribiti. Ukiutazama panga wa kulimia shambani utauona mkia wa namna hiyo ya pili. Fundi asiyeuliza mkia ni wa aina gani kabla ya kushika nyundo, huyo mwepuke.

VISU VYENYE HADHI KWETU

Sime ya Kimaasai inafahamika sana hapa Nairobi. Bapa lake huwa jembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea nchani, na katikati mna mgongo unaolipa nguvu. Mpini wake aghalabu hufunikwa ngozi, na ala ni ya mbao iliyovishwa ngozi, mara nyingi yenye rangi nyekundu. Wahunzi wa Kimaasai huitwa il-kunono. Wakikuyu na Wakamba nao walikuwa na wahunzi na sime zao. Zamani chuma kilitoka kwenye mchanga wenye madini. Baadaye wahunzi walianza kutumia chuma chakavu kama vile springi za magari na tupa zilizokwisha meno. Hawakukosea, kwani springi na tupa ni chuma chenye kaboni ya kutosha, na chuma cha namna hiyo ndicho hukubali kutiwa ugumu. Nondo ya kujengea haifai kwa sababu kaboni yake ni kidogo.

Pwani kuna jambia, kisu kilichopinda ambacho huvaliwa kiunoni kwa mshipi. Bwana harusi wa Lamu au Unguja alikuwa akitoka na joho lake na jambia limeng'ara kwa fedha. Waomani hulithamini sana kiasi kwamba limo katika bendera ya nchi yao tangu mwaka wa 1970. Katika jambia, mpini ndio hutangaza cheo cha mwenyewe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kama nitakavyoeleza hivi punde.

JE, NI LAZIMA KUBADILISHA?

Swali la kwanza si "nitumie mbao gani?" bali ni "je, mpini huu kweli umekufa?" Watu wanaokusanya visu vya kale, hapa kwetu na ng'ambo, hutazama kama sehemu zote zilizaliwa pamoja. Bapa la zamani lenye mpini wa juzi hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Lakini thamani ya pesa si yote. Mpini huchukua umbo la kiganja cha aliyeutumia. Jasho, mafuta na miaka huupa rangi ambayo hakuna rangi ya dukani inayoweza kuiiga.

Nyumbani kwetu ilizuka hoja ya namna hii kuhusu sime ya babu mzaa mama. Ngozi ya mpini ilikuwa imekauka na kuachana, na mbao iliyo ndani ilikuwa na ufa. Baba alitaka mpini mpya kabisa, ung'are ukutani wageni wakija. Mama alikataa katakata. Aliniambia nimshikie ile sime, kisha akanionyesha mahali palipobonyea ubavuni mwa mpini. "Hapa ndipo kidole gumba cha babu yako kilipokaa," alisema. "Mkitupa mbao hii, mtabaki na chuma cha mtu yeyote." Tulimpelekea fundi mmoja mzee ambaye huja kwa jirani yetu. Mzee aliugonga mpini kwa kucha, akausikiliza, akatingisha bapa kidogo. Kisha akasema, "Kijana wangu, huyu hajafa. Anataka nguo tu." Basi ufa ukazibwa kwa gundi, mbao ikabaki ile ile, na ngozi peke yake ndiyo ikawa mpya. Baba alinung'unika siku mbili hivi, lakini sasa yeye ndiye huwaonyesha wageni pale kilipokaa kidole gumba.

Kwa hivyo kanuni ni hii: ufa mdogo huzibwa, mpini unaocheza hukazwa, ngozi iliyochakaa huvishwa upya. Mpini hubadilishwa tu iwapo mbao imeoza, imeliwa na wadudu hadi ikawa unga, imepotea, au ikiwa kisu bado kinatumika na kinaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu. Na ukiubadilisha, usiutupe ule wa zamani. Utie katika mfuko wa karatasi, andika tarehe na jina la mwenyewe, uuweke pamoja na kisu.

Wajapani wametupita katika jambo hili. Mpini wa upanga wao wa kale haukugundishwa daima. Hushikiliwa na kijiti kidogo cha mwanzi kinachopita katika tundu la mkia. Ukikisukuma kijiti, mpini hutoka. Kwa njia hiyo upanga mmoja unaweza kubadilishiwa mipini mara nyingi kwa karne kadhaa na bapa lisidhurike. Tena mhunzi huandika jina lake kwenye mkia, mahali ambapo mpini hupafunika. Kutu ya mkia huo haisuguliwi, kwa maana wajuzi huitumia kukadiria umri wa upanga. Fundi wetu anayechukua mashine na kuung'arisha mkia wa sime ya kale, kumbe anafuta cheti cha kuzaliwa!

MPINI WA KITU GANI?

Sasa nirudie lile balaa. Mpini wa jambia uliosifiwa kuliko yote huko Yemeni ulitengenezwa kwa pembe ya kifaru. Katika miaka ya 1970 vijana wengi wa Yemeni walienda kufanya kazi Saudia wakati wa neema ya mafuta, wakarudi na pesa. Mpini ambao awali ulikuwa wa wakubwa tu ukawa unaweza kununuliwa na watu wengi. Waliolipia ni vifaru wa Afrika. Hapa Kenya, vifaru weusi wanaokadiriwa kuwa 20,000 mwaka wa 1970 walibaki chini ya 400 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980. Si wote waliouawa kwa ajili ya mipini, kwani pembe zilitakiwa pia kwa dawa za Mashariki ya Mbali. Hata hivyo fikiria, mnyama wa uzito wa tani moja anaangushwa ili mtu apate kitu cha kushikia kisu! Serikali ya Yemeni Kaskazini ilipiga marufuku uingizaji wa pembe hizo mwaka wa 1982, lakini biashara ya magendo haikukoma mara moja.

Pembe za ndovu nazo zilipendwa kwa mipini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na biashara ya vitu vilivyotengenezwa kwa nyara za wanyama mwaka uliofuata. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Nairobi, ambayo si mbali na hapa Woodley. Tarehe 30 Aprili 2016, katika mbuga hiyo hiyo, Rais Uhuru Kenyatta aliongoza uteketezaji wa tani 105. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 hutoa adhabu kali mno kwa mtu anayepatikana na nyara bila kibali. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Nitakutilia mpini wa pembe ya ndovu, ni kitu safi kabisa," mwambie asante na uondoke. Na ukigundua kwamba kisu cha mzee nyumbani kina mpini kama huo, usikiuze wala kukisafirisha. Mwambie mzazi awaulize watu wa Huduma ya Wanyamapori, KWS, afuate sheria.

Habari njema ni kwamba vifaa halali viko tele. Kuna mfupa na pembe za ng'ombe. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali, na mafundi wa Kibera kwa miaka mingi wamekuwa wakigeuza mifupa na pembe hizo kuwa bangili, herini na vijiko. Mfupa huchemshwa ili mafuta yatoke, la sivyo baada ya muda hugeuka manjano na kunuka. Usitie dawa ya kufulia nguo nyeupe, maana huula mfupa ukawa kama chaki. Pembe ya ng'ombe ikipashwa moto katika maji yanayochemka hulainika na kuweza kunyooshwa. Jihadhari na vumbi la vitu hivi viwili, kwani ni baya kwa mapafu. Funika pua na mdomo, na ulowanishe kidogo unapokata.

Kwa upande wa mbao, mzeituni wa porini ambao Wakikuyu huuita mutamaiyu ni mgumu na mzito. Mpingo ni bora, lakini hukua polepole mno. Muhugu nao umepungua misituni kwa sababu ya uchongaji wa vinyago, hata wachongaji wengi wa pwani wakageukia mwarobaini. Mti ulioangushwa na upepo mtaani au uliokatwa kwa kibali unaweza kukupa kipande cha kutosha, kwa sababu mpini hauhitaji zaidi ya urefu wa shibiri. Almuradi uwe mkavu. Mafundi husema kila inchi moja ya unene wa ubao yahitaji mwaka mmoja wa kukauka kivulini. Ukitumia mti mbichi, utanywea ukiwa tayari mpinini, nao utapasuka au kulegea.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, tazama na uandike. Piga picha pande zote, pima urefu na unene, chora umbo la mpini wa zamani kwenye karatasi.

Pili, funga makali na ncha kwa kitambaa kizito. Ajali nyingi katika kazi hii hutokea wakati fundi anavuta mpini na kisu kikachomoka ghafla. Ukikibana kwenye jiriwa, weka vipande vya mbao ili meno ya jiriwa yasiume bapa. Kazi hii ifanywe na fundi au mtu mzima, au mwanafunzi akiwa na mtu mzima kando yake. Na sijasema mtu alete sime shuleni! Mwalimu wa zamu hatanielewa.

Tatu, toa mpini wa zamani. Kama una ribiti, vichwa vyake hulalishwa kwa tupa na kusukumwa kwa msumari butu. Kama una mkia mwembamba, gundi ya zamani hulainishwa kwa joto. Hapa ndipo mafundi wengi huua kisu. Makali hupata ugumu kwa kupozwa ghafla, kisha kupashwa moto tena kwa kiasi ili yasiwe kama glasi. Ukikipasha kisu moto wa jiko bila kipimo, ugumu huo huondoka. Wanafunzi wa Fizikia na Kemia wataelewa: chuma kilichong'arishwa kikifika digrii 220 hivi huanza kuwa manjano hafifu, na kikifika kama 300 huwa samawati. Ukiona rangi ya samawati karibu na makali, umechelewa. Dawa yake ni maji yanayochemka. Hapa Nairobi, kwa kuwa tuko juu sana ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa kama digrii 94 tu. Joto hilo hulainisha nta, lakiri na gundi nyingi, nalo haliwezi kudhuru ugumu wa chuma. Tumbukiza upande wa mpini peke yake, kisha kausha vizuri. Mpini wa pembe usiutumbukize ikiwa unataka kuuhifadhi.

Nne, safisha mkia. Pangusa kutu inayomeguka kwa brashi na mafuta ya taa. Kutu iliyoshikamana na isiyoendelea iache. Ukiona alama ya mhunzi, ichore kwenye daftari.

Tano, toboa mpini mpya. Nyuzi za mbao zifuate urefu wa mpini. Toboa kwa kekee tundu jembamba kuliko mkia, kisha ulipanue pole pole kwa tupa nyembamba, ukijaribu kila mara. Wazee walikuwa na njia nyingine: waliupasha mkia moto hadi ukawa mwekundu, wakaufunga bapa kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha wakauchomeka kwenye mbao ukajichimbia tundu lake. Njia hiyo hutoa mkazo mzuri sana, lakini kwa kisu cha thamani ni hatari kwa sababu nilizokwisha kueleza.

Sita, tia noleo, kisha gundi. Gundi za mirija miwili kama Araldite hushika mno. Zinafaa kwa kisu cha kazi. Kwa kisu cha kuhifadhiwa, nta au lakiri ni bora, kwa sababu siku moja mwingine atahitaji kuutoa mpini wako. Fundi mzuri humfikiria fundi atakayekuja baada yake.

Saba, umbo na mafuta. Mpini ulainishwe kwa msasa mkubwa kwanza, kisha mdogo. Mwenye kisu aushike mara kwa mara kabla haujamalizika. Paka mafuta ya kitani mara kadhaa, siku moja moja. Vile vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvirundika pembeni, kwani huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Nane, kama mpini ni wa kuvishwa ngozi, tumia ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowekwa hadi ikalegea. Ishone ikiwa imekaza na iache kivulini. Ikikauka hunywea na kubana kuliko gundi. Usiiweke juani, maana itapasuka.

BAADA YA KAZI

Kisu kilichopata mpini mpya kisilale ndani ya ala. Ngozi hushika unyevu, na unyevu huleta kutu. Kipake mafuta kidogo, kiweke mahali pakavu, na ala iwe kando yake. Kisha andika kijikaratasi: kisu cha nani, kilitoka wapi, mpini ulibadilishwa mwaka gani, na nani, kwa mbao gani. Mtu akitaka kukiuza baadaye, mnunuzi aambiwe ukweli. Kuupaka mpini mpya rangi ya chai na moshi ili uonekane wa kale, halafu kumuuzia mtu kwa bei ya kale, ni wizi kama wizi mwingine. Kijikaratasi kinamlinda mnunuzi, kinamlinda fundi, na kinamlinda yule mzee ambaye jina lake lingesahauliwa.

Wenzangu, likizo ikifika na mkienda mashambani kwa nyanya na babu, waulizeni kama kuna kisu cha zamani nyumbani. Msikichukue. Ulizeni kwanza ni nani alikifua, kwa chuma kipi, na mpini ni wa mti gani. Andikeni majibu wakati wenye majibu wangali hai. Mbao tunaweza kupata nyingine sokoni Toi, bali habari zake hazina soko.